Baba aliacha dawa ya kolestro kwa sababu "imeshuka". Watu wa Tanga, tuzungumze mishipa ya damu

BintiNgamiani:

Habari za jioni wapendwa. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie, haya nimeyabeba moyoni wiki tatu sasa.

Ijumaa moja baada ya swala, baba yangu alikaa barazani na wenzake kama kawaida yao. Muuza kahawa akamjazia kikombe. Baba akanyoosha mkono wa kulia kukipokea, vidole vikakataa kufunga. Kikombe kikaanguka, kahawa ikamwagikia kanzu. Akataka kuomba radhi, maneno yakatoka mazito, hayaeleweki. Jirani akaja kuniita mbio. Nilipofika mkono ulishaanza kurudi, na tulipomfikisha hospitali alikuwa anaongea vizuri na anataka kurudi nyumbani. Daktari hakukubali. Alisema hicho ni kiharusi cha muda: donge la damu limeziba mshipa wa ubongo, kisha likaachia. Aliyepigiwa hodi hiyo asipofungua mlango mapema, akasema, mgeni huvunja.

Jioni nikarudi kumchukulia nguo. Kwenye droo ya kabati lake, nyuma ya tasbihi na betri za redio, nikakuta vidonge vyake vya atovastatini, vibao vizima, foili haijatobolewa hata tundu moja. Nikahesabu. Miezi saba.

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, naye akanijibu kwa upole: "Mwanangu, si nilipima, mafuta yakaonekana yameshuka? Mtu akishapona anameza dawa ya nini?"

Jamani, baba yangu si mtu wa kupuuza mambo. Amekuwa karani bandarini zaidi ya miaka thelathini, hesabu anazijua. Lakini maisha yake yote dawa aliyoijua ina mwisho. Ya malaria siku tatu, ya kikohozi siku saba, unamaliza dozi unashukuru Mungu. Hii alipewa kliniki moja (siitaji jina), akaambiwa "meza usiku", basi. Hakuna aliyemketisha akamwambia kwamba kilichoshuka kimeshuka kwa sababu anameza, na akiacha kitapanda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kikombe kilichoanguka.

Vipimo vyake vya mwanzo kabisa hivi hapa: kiuno sentimita 104. Presha 148/92. Sukari kabla ya kula 6.4 (hii na za mafuta zote ni milimoli kwa lita). Trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 2.6. Kolestro nzuri, ile HDL, 0.9. Kolestro mbaya, LDL, 3.9. Baada ya miezi mitatu ya atovastatini miligramu 20, LDL ikawa 2.2. Alipoacha miezi saba, tukapima juzi: 3.8. Yaani ilirudi ilikotoka kama maji ya kujaa na kupwa.

Daktari akaniambia hali ya baba ina jina, sindromu ya umetaboli. Vigezo ni vitano: kiuno kikubwa (kwa sisi Waafrika bado hutumika sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke), presha kuanzia 130/85, sukari ya kufunga kuanzia 5.6, trigliseraidi kuanzia 1.7, na HDL kuwa chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na vitatu unatosha kuitwa jina hilo. Baba alikuwa navyo vyote vitano, na alikuwa haumwi popote.

Naomba wenye elimu na waliopitia waseme. Statini, yaani hizi dawa za kolestro za jamii ya atovastatini, hasa inafanya nini ndani ya mshipa? Nataka nimweleze baba kitu anachoweza kukiona kwa macho ya akili, si "meza tu".

---

WajaLeo:

Pole sana dada. Mpe mzee salamu zetu. Nafuatilia, maana kuna kibao kama hicho kwenye droo ya mama yangu pia.

---

MlongeAsilia:

Pole bibie. Ila mimi nitasema ukweli wangu. Hizi dawa za kolestro zinaleta sukari na zinakula misuli. Shemeji yangu alimeza mwezi mmoja akawa hawezi kupanda ngazi. Kitunguu saumu, ndimu na unga wa mlonge asubuhi, mzee atakaa sawa. Vitu vya kiwandani tuwaachie wenyewe.

Halafu nimeona jambo kwenye maelezo yako. LDL haimo kwenye hivyo vigezo vitano. Sasa kwa nini apewe dawa ya kushusha LDL? Wanatibu nini hapo?

---

MfamasiaChumbageni:

Dada, shikamoo yangu imfikie mzee. Na wewe MlongeAsilia, swali lako la mwisho ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, nitaanza nalo.

Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba sana, safu moja tu ya seli. Utando huo ni kiungo kinachofanya kazi mchana na usiku. Unatengeneza hewa iitwayo nitriki oksaidi, na hiyo ndiyo inayouambia mshipa ulegee na kupanuka, na inazuia chembe za kugandisha damu zisinatie ukutani. Mmarekani Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba mshipa wa sungura uliokwanguliwa utando wake wa ndani haulegei tena, hata ukiupa kemikali inayopaswa kuulegeza. Yeye na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa habari ya hiyo nitriki oksaidi.

Sasa mtu mwenye kitambi, sukari inayopanda na presha, utando wake unapigwa kutoka pande zote. Insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inapokosa nguvu, utando hutoa nitriki oksaidi kidogo. Mafuta ya tumboni yanamwaga asidi za mafuta kwenye ini na kuwasha mwili moto wa chini kwa chini. Presha inausugua. Na LDL yake, hata namba ikionekana ya kawaida, mara nyingi ni chembe ndogondogo, nzito, nyingi, zinazopenya utando kwa urahisi. Zikishaingia zinaoza humo ukutani, seli za ulinzi zinakuja kuzimeza, zinavimba kwa mafuta, zinafia palepale. Ule uvimbe ukipasuka, damu inagandia juu yake. Huo ndio kiharusi, na huo ndio mshtuko wa moyo.

Kwa hiyo LDL haimo kwenye vitano, kweli. Ila hivyo vitano ndivyo vinavyofungua mlango, na LDL ndiyo inayoingia.

Statini inazuia kimeng'enya cha ini kinachotengeneza kolestro. Ini likikosa kolestro yake, linatoa mikono mingi zaidi ya kunyakua LDL kutoka kwenye damu. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kuna ya pili, ndogo zaidi lakini ndiyo uliyoiuliza: njia hiyohiyo ya ini na seli ikizibwa, utando wa mshipa unaruhusiwa kutengeneza nitriki oksaidi nyingi zaidi. Watafiti hupima hili kwa kukaza mkono kwa kikanda cha presha dakika 5, wakiachia wanatazama kwa altrasaundi mshipa wa mkono unapanuka kiasi gani. Mshipa wenye utando mzima unafunguka. Uliochoka unabaki vilevile, mkavu. Statini huurudishia sehemu ya uwezo huo. Na uvimbe uliokwishaota ukutani unapata ganda gumu zaidi, hauwi mwepesi kupasuka.

Ukiacha kumeza, yote hayo yanarudi nyuma. Kama mlivyojionea kwenye karatasi.

Kuhusu "vya kiwandani": statini ya kwanza ilitoka kwenye ukungu, kaka yangu. Mjapani Akira Endo alipekua aina kama 6,000 za ukungu na viumbe wadogo, na mwaka 1973 akaipata kwenye ukungu wa bluu unaoota kwenye mchele. Mimea na ukungu mimi siwadharau hata kidogo. Nachotaka ni kipimo.

---

MwanaPangani:

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, naomba nimsaidie dada jinsi ya kumweleza mzee.

Jahazi likipandishwa pwani, fundi hapigi mbao mpya. Anapitisha kidole kwenye maungo ya mbao, mmoja mmoja, taratibu. Anapoona pamelegea anasukuma pamba kwa kalafati na nyundo, tak tak tak, halafu tumbo la chombo linapakwa deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa), mbao za juu zinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Chombo kinarudi majini hakivuji tone. Sasa nahodha aseme, "chombo changu hakivuji, sihitaji kalafati tena"? Msimu mmoja tu bahari inafungua maungo. Babu alikuwa anasema bahari haichoki, kwa hiyo na fundi asichoke.

Mwambie mzee hicho kidonge ni kalafati. Kama alifanya kazi bandarini ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

---

BintiNgamiani:

MwanaPangani, nimelia. Nimemsomea sasa hivi, amekaa kitandani. Alinyamaza muda, akasema, "Deheni haikai miaka miwili." Akaomba maji akameza kidonge mbele yangu.

Mfamasia, Mungu akuzidishie. Ila swali la MlongeAsilia kuhusu sukari na misuli mimi pia linanitisha. Baba tayari sukari 6.4.

---

MfamasiaChumbageni:

Halina haja ya kufichwa. Statini zinapandisha kidogo uwezekano wa kupata kisukari. Mwaka 2010 yalikusanywa majaribio 13 yenye watu 91,140. Ikaonekana ongezeko la asilimia 9, yaani wakimeza watu 255 kwa miaka 4, mmoja zaidi anapata kisukari. Na huyo mmoja kwa kawaida ni yule aliyekuwa ameshasimama mlangoni, kama mzee.

Sasa pima upande wa pili. Jaribio liitwalo CARDS, la mwaka 2004, liliwapa watu 2,838 wenye kisukari atovastatini miligramu 10 tu au kidonge kitupu kisicho na dawa. Viharusi vilipungua karibu nusu. Hao walikuwa tayari na kisukari, ile hofu imeshatimia, na bado dawa iliwalinda. Kwa jumla ya majaribio yote, kila LDL inaposhuka kwa 1.0, matukio makubwa ya moyo na mishipa yanapungua kwa takribani moja ya tano. Mzee alishuka 1.7. Hesabu afanye mwenyewe, ni karani.

Misuli: maumivu ya kweli yapo, lakini ni machache kuliko yanavyosemwa. Uingereza walifanya jaribio linaloitwa SAMSON, matokeo yake yakatoka 2020. Waliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja akapewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne za statini, nne za kidonge kitupu, nne hazina kitu. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge kitupu. Hawakuwa wanadanganya, waliumia kweli, ila kwa sehemu kubwa si dawa iliyowaumiza. Nusu yao walirudi kumeza.

Lakini sikiliza hili kwa makini dada: misuli ikiuma sana ghafla, mwili ukalegea, na mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, usisubiri asubuhi. Hiyo ni nadra, ila ikija inaharibu figo.

Shemeji wa MlongeAsilia nisingemwambia avumilie. Ningemwambia arudi kwa daktari, apimwe, abadilishiwe aina au apunguziwe kipimo. Tena ningemuuliza alikuwa anameza nini kingine. Simvastatini, ambayo ni statini nyingine, na amlodipini ya presha, kwa mfano: mwenye kuzimeza pamoja hatakiwi kuvuka miligramu 20 za simvastatini. Wangapi hapa mjini wanajua? Na dawa za antibayotiki kama klarithromisini zinaipandisha simvastatini kwenye damu vibaya sana. Hata juisi ya balungi ukiinywa kwa wingi.

Mzee anameza nini cha presha?

---

BintiNgamiani:

Amlodipini 10, asubuhi. Na atovastatini aliandikiwa usiku, ndiyo anayoisahau. Usiku akitoka msikitini anakula, anasikiliza taarifa ya habari, analala.

---

MfamasiaChumbageni:

Kwa atovastatini na amlodipini hakuna kizuizi kile. Na simvastatini ndiyo inayotaka usiku, kwa sababu haikai sana mwilini na ini linatengeneza kolestro zaidi usiku. Atovastatini inakaa. Mwombe daktari wenu mzihamishie zote asubuhi, zikae kibao kimoja juu ya kingine. Jambo dogo, lakini vidonge vingi vinafia droo kwa sababu ya saa tu.

---

MamaMakorora:

Samahani naingilia. Mimi natumia ARV miaka mingi, na mwaka huu nimeambiwa nina hiyo sindromu, kiuno na presha na trigliseraidi. Je, na mimi naweza kumeza?

---

MfamasiaChumbageni:

Karibu mama, hujaingilia. Unaweza, lakini aina inategemea ARV zako. Zenye ritonaviri au lopinaviri haziendi kabisa na simvastatini. Peleka kadi yako ya kliniki na kibao cha dawa mpya pamoja, wavione kwa macho. Na ujue umefikiriwa: jaribio la REPRIEVE, matokeo yake ya 2023, liliwapa watu 7,769 wanaoishi na VVU pitavastatini au kidonge kitupu, wakiwemo watu wa Uganda, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yakapungua kwa asilimia 35.

---

MwendeshaBaiskeli:

Mmeongea dawa vizuri, sasa mimi nitaongea sahani na miguu, maana hiyo kalafati haiwezi kushona tanga lililochanika.

Statini kwenye trigliseraidi inasaidia kiasi tu, na kwenye kiuno haisaidii chochote. Kiuno cha 104 ni wali, ni chai yenye vijiko vinne, ni mahamri mawili na kitumbua juu yake kabla jua halijachomoza. Nasema kwa mapenzi, mimi ni mtu wa hapahapa. Mji huu tulikuwa tunasifika kwa baiskeli, mtu anatoka Mabawa hadi bandarini na kurudi kila siku ya Mungu. Leo mtoto wa miaka ishirini anapanda bodaboda kutoka barabara ya 7 kwenda ya 12.

Na tui. Mafuta ya nazi yanapandisha LDL kuliko ya alizeti, hata tukiyapenda vipi. Nyumbani kwangu, kasimile (tui zito la kwanza) anayotia mke wangu sasa hivi ni kikombe kimoja kwa sufuria zima, iliyobaki ni tui jepesi. Samaki wa kupaka bado tunakula, na samaki wenyewe mafuta yao yanasaidia trigliseraidi, hasa vibua na dagaa. Kilichopungua ni kile kizito cha juu.

Alfajiri twende Raskazone kwa miguu, wazee wapo wengi. Mzee akipata ruhusa ya daktari aje.

---

MlongeAsilia:

Nimesoma yote. Mlonge sitauacha, ni mboga nzuri. Ila shemeji nitampeleka akapimwe na kuulizwa dawa zake. Na kweli alikuwa anameza ya presha na antibayotiki ya kifua wakati uleule, sikuwahi kuliunganisha hilo.

---

WajaLeo:

Ya mama nimeitoa droo. Kumbe alikuwa anameza siku ya kliniki tu, ili akiulizwa asiseme uongo.

---

BintiNgamiani:

Wapendwa, narudi baada ya miezi mitatu kama nilivyowaahidi kwenye ujumbe binafsi baadhi yenu.

Kipimo cha jana: LDL 2.0. Daktari alimpandisha hadi miligramu 40, kwa kuwa aliyekwishapigwa hodi anatakiwa kushuka zaidi ya mwingine. Trigliseraidi 1.9. Kiuno 99. Presha 132/80. Sukari 6.1, haijapanda. HDL bado 0.9, daktari anasema hiyo ni mkaidi, inataka miguu kuliko kidonge.

Vidonge vinakaa mezani kando ya redio, si droo tena. Foili ina matundu, naihesabu kila Ijumaa naye anajua naihesabu, hakasiriki. Wenzake wa barazani amewahadithia habari ya kalafati, na wawili wameniletea karatasi zao za vipimo niwasomee. Mmoja alikuwa na vigezo vinne.

Ana swali moja, kaniambia niwaulize kama lilivyo: "Kahawa je?"

---

MfamasiaChumbageni:

Mwambie mzee swali ni zito kuliko anavyodhani. Kahawa iliyochemshwa na unga wake bila kuchujwa, kama ya kwenye dele letu, inabaki na mafuta fulani ya buni yanayopandisha LDL. Ikipita kwenye karatasi ya kuchujia, mengi yanabaki kwenye karatasi. Kikombe chetu cha baraza ni kidogo, si bakuli, kwa hiyo simnyimi. Vikombe viwili, basi. Nyumbani achujiwe.

---

BintiNgamiani:

Nimemfikishia. Amekubali viwili. Kashata amempa mjukuu.